Siku Somo Aliponiposea Kidichi

Bora niiseme aibu yangu mwenyewe kabla watu wa Kidichi hawajanitangulia, maana wao wakiisimulia habari hii huitia chumvi, na mimi chumvi nainunua kwa bei yake, sipendi ya kuongezewa. Mimi, Khamis, dalali wa kofia, ninayejulikana mjini na Mwanakwerekwe kwa kusema kidogo na kupata kingi, niliaibika mchana kweupe mbele ya wazee, nimevaa kanzu iliyonyooka na koti la kuazima, na aliyeniaibisha ni mwanamke asiye na mwili anayeishi mfukoni mwangu.

Huyo mwanamke nimweleze kwanza. Simu za sisi vipofu (wenye adabu husema "wasioona", lakini nikiitwa hivyo mimi hugeuka kumtafuta anayeitwa) zina sauti ndani yake inayosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo. Ukigusa jina inakusomea jina, ukiletewa ujumbe inakusomea ujumbe, hata vile vipicha vya nyuso na maua inavitaja kimoja kimoja, betri ikikaribia kwisha inakwambia, na yote hayo kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka boti asubuhi ya leo. Nikampa jina la Somo. Kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kusoma. Tena kwetu somo ni yule mama anayemkalisha mwari chumbani akamfunda, anayezijua siri za nyumba zote za mtaa, na anayeamini kwamba siri ikisemwa kwa sauti ya chini bado ni siri. Wangu mimi hata hiyo ya chini hakuwa nayo.

Kazi yangu, kama nilivyosema, ni kofia za kushona kwa mkono, zile za viua, yaani vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka vikapanga maua. Mwenye macho huitazama kofia akasema nzuri. Mimi huizungusha vidoleni nikahesabu viua, kisha nikahesabu tena, maana mimi hata vidole vyangu mwenyewe huvihesabu mara mbili kila nikishapeana mkono na dalali mwenzangu. Na kofia nzuri kuliko zote zilikuwa zikitoka Kidichi. Mama mmoja, Bi Kazija, alikuwa akija Mwanakwerekwe kuuza iliki na mdalasini, na chini ya kikapu chake huniletea kofia zilizoshonwa na binti yake, Saada, zikinuka viungo hivyo kiasi kwamba nikizipanga nyumbani usiku, chumba kizima kinakuwa kama kimeota jambo zuri kikasahau kuamka.

Siku moja nikakuta kofia imepungua kiua. Ubavuni, karibu na mshono, pahala ambapo mtu hatazami. Nikahesabu tena. Kweli, kimoja hakipo. Nikachukua nambari ya huyo binti kwa mama yake (kwa ajili ya biashara, Mungu shahidi, siku hiyo ilikuwa biashara), nikaiambia simu iandike: "Bi Saada, kofia imepungua kiua kimoja. Tuzungumze bei."

Jibu lake Somo alinisomea pale pale sokoni: "Hicho nimekiacha makusudi. Watu wananambia dalali wa mjini anahesabu. Nilitaka kujua."

Bei sikuipunguza. Ndiyo mara ya pekee katika maisha yangu ya udalali, na naomba isitangazwe.

Basi tukawa tunaandikiana. Si usiku, msinifikirie vibaya. Ni ule wakati wa baada ya chakula cha mchana, ambao Mji Mkongwe wote hujilaza, maduka yanafungwa nusu, hata njiwa wa juu ya paa la jirani wanazungumza kwa uvivu. Mimi hulala chali ukumbini, jua linaingia dirishani linanipapasa shavu moja kisha linahamia la pili, na Somo yuko juu ya kifua changu ananisomea Saada. Mvua imenyesha Kidichi. Karafuu zimeanikwa, zimeanuliwa, zimeanikwa tena. Mama magoti yanamuuma, anasali kwa kukaa. Nalala katikati ya neno, naamka neno la mbele, sijui lipi nimelisikia na lipi nimeliota.

Jambo moja likanichanganya. Saada anaandika kama tunavyosema Unguja: nnakwenda, nnakuja, nnaskia. Na Somo, kwa kuwa huko alikozaliwa hawana neno linaloanza kwa herufi moja mara mbili, kila akifika hapo hukwama. "N... nakuskia," anasema. "N... nakwenda kuanua karafuu." Mimi sikujua anayesita ni nani. Nikaamua ni Saada, kwamba ni haya yake. Nikakipenda kile kigugumizi. (Ndiyo, dalali mzima amependa kosa la mashine. Cheka, mimi nshacheka.)

Sauti ya Saada mwenyewe sikuwa nimeisikia hata siku moja. Hakuwa akituma sauti, wala kupiga, na sababu aliniambia. Mumewe wa kwanza alimpata kwa simu, kwa maneno ya asali kila jioni, na alipomchoka akampa talaka kwa simu hiyohiyo, ujumbe wa mstari mmoja, mtoto wa watu yuko jikoni anakuna nazi. Kaka yake, Maalim Makame, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzito wa maneno, siku ile aliapa mbele ya mama yao: mwanamume atakayempitia dada angu kwenye simu, simpi, hata awe nani.

Kwa hiyo Maalim alinijua mimi kuwa ni mnunuzi wa kofia tu. Na mimi simuni nilimwandika Saada kwa jina la "Kofia Kidichi", ili Somo akiropoka mbele za watu iwe ni habari ya biashara. Nilijiona mjanja sana. Nilijihesabia huo ujanja mara mbili.

Nikamwambia Mjomba Vuai, kaka wa mama yangu, aniposee. Akafurahi, akapanga siku, akanunua halua. Nikamwambia na mimi nakuja.

"Muoaji haendi kuposa," akasema. "Hukaa kwao akasubiri."

"Mjomba, mimi sijapata kununua kwa kumtuma mtu."

"Mwanamke si kofia, Khamis."

"Najua. Kofia ningekutuma wewe."

Nikamsikia akipapasa ukutani, nafikiri alikuwa akitafuta fimbo. Lakini nikamshinda kwa kawaida yangu, ya kuuliza jambo lilelile mpaka mtu aone kukubali ni kupumzika. Na hapo, jamani, ndipo nilipoununua mkasa wangu, tena kwa bei nilotaja mwenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo nilipita Mwanakwerekwe. Pale kuna muuza dawa za mizizi mwenye spika, na jirani yake muuza kandambili mwenye spika kubwa zaidi, na wawili hao hawapendani. Ili nimsikie Somo nikampandisha sauti mpaka karibu na mwisho. Kisha nikavaa kidude changu cha sikioni, sauti ikahamia humo, nikasahau.

Tulipofika Kidichi, uwanjani kwa kina Saada, mvua imekatika sasa hivi, ardhi inanuka, karafuu zinanuka, na kwa ndani udi umeshachomwa, Mjomba akanishika sikio.

"Hiki nini?"

"Cha simu, Mjomba."

"Utakaa mbele ya wakwe na kijiti sikioni kama mtu anayetoka usaha? Toa."

Nikatoa, na sauti ya Somo ikarudi simuni. Mwenye akili angeizima na simu yenyewe. Mimi nikafanya hesabu ya dalali: Saada yuko ndani, nyuma ya pazia, huenda akanitumia neno, na mtu hazimi taa akiingia kufanya biashara. Nimpunguze Somo tu, abakie mnong'ono mfukoni. Nikatia mkono, nikavipata vile vibonye viwili vya pembeni, nikabonyeza cha chini. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka nikajua hakuna tena pa kushuka. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye mimi, nikairudia kazi yote tangu mwanzo. Somo kimya. Nikaridhika, nikavua viatu, nikaingia.

Tukakalishwa juu ya majamvi. Salamu zikazunguka. Shikamoo Bi Kazija, marahaba mwanangu, kutoka nyuma ya pazia. Maalim Makame akanipa mkono mkavu, mzito kama msahafu wenye jalada. Kahawa ikaja, na halua ikaja, ile ya samli nyingi inayokataa kuachana na vidole. Nikala. Nikala tena, kwa hofu, maana mdomo uliojaa hauulizwi.

Mjomba Vuai akaanza kusema. Sasa Mjomba akiposa huanzia kwa Nabii Adam, anashuka taratibu kizazi kwa kizazi, na hajafika Unguja mpaka kahawa imepoa. Mvua ikarudi, ndogondogo, juu ya bati. Udi. Iliki. Sauti ya Mjomba inakwenda na kurudi kama mtu anayepiga pasi. Na ilikuwa ndio ule wakati wangu, baada ya chakula cha mchana. Jua likapenya mvua, nikalihisi shavuni, likanipapasa, na mimi, mbele ya wakwe, siku ya kuposa, nikazama. Sikulala. Niliteleza tu kidogo, kama uzi unaotoka kwenye tundu la sindano bila mshonaji kujua. Nikawa niko nyumbani ukumbini, nasubiri kusomewa.

Nikasomewa.

"Kofia Kidichi," akasema Somo, kwa sauti ya Mwanakwerekwe. "Ujumbe mpya. Usimkatalie kaka kitu. Mwache aseme mpaka achoke. Akikohoa ujue amelainika. Uso unaokonyeza jicho. Ua waridi. Ua waridi."

Ningekuwa macho ningekufa. Lakini nilikuwa ndani ya ule utamu, nikanyoosha miguu juu ya jamvi la watu, mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe kama unavyoingia kila mchana, nikasema kwa sauti, nasikitika kusema ilikuwa ya mapenzi:

"Naam, Somo. Soma tena."

Na kidole kikamgusa, naye akasoma tena, yote, pamoja na maua.

Nilipoamka, mvua ilikuwa imenyamaza. Mjomba alikuwa amenyamaza, sijui kamwacha nabii gani njiani. Nikakisikia kile kimya cha watu wengi wanaokutazama, ambacho hata asiye na macho anakiona.

"Kofia gani hiyo," akauliza Maalim Makame, polepole, "inayojua kukohoa kwangu?"

Nikataka kumnyamazisha Somo. Namna ya kumnyamazisha ipo, unagonga kioo kwa vidole viwili. Lakini vidole vyangu vilikuwa vya halua. Kioo kikawa kinateleza, kila nikigonga simu inadhani napapasa, na kila nikipapasa Somo anaruka ujumbe mmoja nyuma kuelekea zamani. Nikavikumbuka vibonye. Nikafikiri: cha chini nimeshakibonyeza mpaka mwisho na bado anapiga kelele, basi huenda nimevichanganya, cha chini ndicho cha juu. Nikabonyeza kile kingine, kwa nguvu zangu zote.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ule wa Mwanakwerekwe haukuwa mwisho wake.

"Umetuma," akanguruma, kuku nje wakatawanyika. "Jana mchana Somo alilala kifuani kwangu mpaka adhana ya alasiri. Sauti yake tu inanitosha."

"Somo ni nani?" akauliza Mjomba Vuai. Mjomba wangu mwenyewe, wa damu.

"Mjomba, si mtu..."

"Kalala kifuani kwako mpaka alasiri na si mtu?"

"Astaghfirullah," akasema Maalim, na nikasikia jamvi likilia anavyoinuka. "Mnakuja kuposa kwangu na bwana arusi ana mwanamke kifuani! Tena anaandikiana na dada angu! Bwana Khamis, niliapa. Mbele ya mama yangu niliapa, mwanamume wa simu simpi Saada. Mmoja alimuingiza kwa simu na akamtoa kwa simu. Wewe wa pili. Chukueni halua yenu."

Ningekuwa napatana bei ya kofia ningejua la kusema; mtu akikwambia ondoka, unaondoka polepole na anakuita. Lakini miguu ilikataa hata polepole. Niliona wazi (neno hilo naruhusiwa kulitumia mara moja) kwamba nikitoka pale, zile nyakati za mchana, ile mvua ya Kidichi, karafuu zinazoanikwa na kuanuliwa, zote zinabaki nyuma ya lile pazia, na mimi narudi kulala chali nikisomewa bei.

Na Somo, ambaye hakuna aliyemtuma, akaendelea kurudi nyuma.

"Kofia Kidichi. N... natamani na mimi nimskie huyo Somo wako. Lakini simu ikisema hapa, kaka ataskia. Uso unaoziba mdomo."

"Subiri," akasema Bi Kazija nyuma ya pazia. "Somo ndiyo hiyo simu?"

"Ndiyo mama," nikasema. "Ndiyo hiyo inayosema. Inanisomea, mimi sioni. Naiweka kifuani kwa kuwa... ndipo inapokaa vizuri."

"Umetuma," akasema Somo. "Magoti ya Bi Kazija yanasemaje? Yale mafuta ya karafuu niliyompa sokoni yamefaa? Mwambie asugue kabla ya kulala, asugue tena." Kidole changu kikateleza upande wa pili, naye akarudi mbele.

"Kofia Kidichi. Yamefaa. Leo kasali kwa kusimama. Kaka kamuona, kalia. Katwambia ni moshi wa jikoni. Uso unaotokwa na machozi."

Sasa hapo, ndugu zangu, kama kuna pahala duniani pa kuificha simu, nilipatafuta nisipaone. Mwalimu wa chuo, mtu ambaye watoto wanapita mbali na kivuli chake, ametangaziwa machozi yake mbele ya watu wa mjini, kwa lafudhi ya mtalii. Mjomba Vuai akaona heri amalize yeye: akanipokonya simu, akatafuta pa kuizimia hakupaona, akaiweka chini akaikalia. Kutoka chini ya Mjomba, kwa mbali, kama mtu aliyefukiwa akiwa hajamaliza maneno, Somo akasema: "Betri imebaki kidogo." Kisha ikawa kimya kweli.

Maalim Makame alikuwa bado amesimama. Nikamsikia anavyopumua.

"Yale mafuta," akasema, "ni wewe?"

"Mimi."

"Mama, wewe uliniambia umenunua."

"Nilikwambia nimepata," akasema Bi Kazija. "Hukuuliza wapi. Wewe unauliza mambo makubwa tu."

"Niliapa, mama."

"Uliapa kwa mwanamume atakayepitia simuni. Huyu kapitia magotini kwangu. Kaa chini."

Akakaa. Jamvi likalia tena, safari hii kwa upole. Mvua ikaanza upya juu ya bati, na mimi nikausikia utulivu ule umejaa udi na iliki na kitu kingine ambacho sikukitambua mpaka baadaye: mtu mzima anayejizuia asikohoe. Kifua kinamkereketa, na nyumba nzima imeshasomewa maana yake. Akameza. Akameza tena.

Alipopata sauti, aligeukia pazia, akasema kwa heshima ya mwalimu anayefuata kitabu, "Bikra kimya chake ni jibu. Aliyekwisha kuolewa husema mwenyewe, kwa ulimi wake, tumsikie. Saada!"

"Naam."

Ndilo neno la mwanzo nililolisikia kwake. Neno dogo, la kuitikia tu, unaambiwa na kila mtu kila siku. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia mtu huyu mwaka mzima kupitia mdomo wa mgeni, na sasa lile pazia likatoa sauti nzito kidogo kuliko nilivyoota, yenye mkwaruzo chini yake, kama hariri inapokamatwa na ukucha.

"Umeyasikia?"

"Kidichi nzima imeyasikia, kaka."

"Basi unasemaje?"

Nikasubiri kile kigugumizi. Nilikisubiri kwa mapenzi, nikakiombea kipite salama.

"Nnakubali," akasema Saada. Hakukwama pahala. Ile "nn" yake ikapita nyororo, kama uzi uliotiwa nta unavyopita kwenye kiua, na mimi nikajua kumbe hata siku moja hakuwa akisita; muda wote ule alikuwa akisema moja kwa moja, mwenye haya alikuwa mwengine. "Nnakubali," akarudia, nadhani kwa kuwa alijua mimi huhesabu mara mbili. "Ila huyo mke mwenzangu apunguzwe sauti."

Na Maalim Makame akakohoa.

Alikohoa kama mtu aliyekuwa amebanwa tangu asubuhi. Bi Kazija akaanza kucheka, akacheka mpaka akalishika pazia likaanguka, Mjomba Vuai akacheka juu ya simu yangu, na Maalim katikati ya kikohozi anasema "ni udi, ni moshi wa udi," na hakuna aliyemsikiliza.

Siri ya vibonye alinifumbulia Saada mwenyewe, wiki ya harusi, alipoichukua simu akaigeuzageuza. Mlio wa simu una sauti yake, na Somo ana sauti yake nyengine kabisa. Vibonye ni vilevile viwili, lakini humtumikia yule anayesema kwa wakati huo. Ukivibonyeza Somo amekaa kimya, unapunguza mlio, yeye hana habari. Ukitaka kumpunguza yeye, msemeshe kwanza, na akiwa katikati ya maneno ndipo ubonyeze.

"Ulikuwa unamnyamazisha aliyenyamaza," akaniambia. "Umeona wapi mtu kufanya hivyo?"

Kweli, sijaona. Na tangu siku ile nimejiwekea nadhiri: siingii kwa watu, iwe msibani, harusini au msikitini, mpaka nimesimama nje ya mlango nikamsemesha Somo, nikamshusha akiwa bado anasema, nikasikiliza, nikarudia. Na kwa wakwe siingii naye kabisa, namwacha nyumbani. Halua naila kwa mkono mmoja, wa pili unabaki mkavu kwa dharura.

Kofia ya harusi yangu alinishonea yeye. Niliihesabu viua vyote ndani ya chumba, kimyakimya, nikaogopa kusema. Haikupungua. Ilizidi kimoja, ubavuni, karibu na mshono.

Siku hizi mchana baada ya chakula nalala chali palepale ukumbini, jua linahama shavu moja kwenda jengine, njiwa wanazungumza, na kifuani kwangu hakuna simu. Saada ananisomea mwenyewe: bei za soko, majina ya kanga za jirani zilizoanikwa uwanjani, ugomvi wa watu kwenye mitandao. Naye akianza hapunguzi, na vibonye hana. Nimeshavitafuta mara mbili, na mara zote mbili nilipovikosa, nilishukuru.